Mashine ya Haki (9): Paa au Soda Mbili

HAISOMEKI.

Neno bado liko kwenye skrini, herufi za kijani, pale pale tulipoliacha wiki iliyopita. Mjane ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hapumui.

Kwa aliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Kuna watu wanaopenda kompyuta za zamani. Kila Jumamosi saa nne asubuhi wanakutana kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha uchapaji, wanauziana programu za miaka arobaini iliyopita, zile za kwenye diski nyembamba za plastiki. Zamani walidanganyana bila huruma. Mtu anauziwa boksi linalong'aa, akifika nyumbani diski haina kitu. Ndipo wakaweka Mashine ya Haki.

Kila diski inasomwa humo mbele ya macho ya wote. Ikisomeka, iko hai, inalipwa bei kamili ya kwenye orodha. Isiposomeka, imekufa, inalipwa bei ya boksi tupu. Hakuna maneno mengi.

Mjane ameleta diski ya Panya wa Ghala, gemu aliyoitunga marehemu mumewe. Ikiwa hai, bei yake inaezeka nyumba nzima, mabati na misumari. Ikiwa imekufa, ni soda mbili.

Na paa la mjane linavuja mpaka kitandani.

"Irudie," alisema.

"Nimeisoma mara tatu, mama," alijibu Mizani. "Kanuni ni mara tatu."

Huyu Mizani ndiye mtunza orodha ya bei. Miaka thelathini alipima mizigo kwenye maghala ya watu, jina likamganda. Yeye mwenyewe hajawahi kununua wala kuuza hata diski moja, na hiyo ndiyo sababu wote walimwamini. Alitoa kifuniko cha kalamu, akafungua daftari.

"Usiandike kwanza, mzee."

Aliyesema ni fundi. Fundi ni mdogo wa marehemu, kwa hiyo ni shemeji yake mjane. Anatengeneza redio, televisheni na kompyuta ambazo hata waliozibuni wamekwisha kuzisahau. Chumba kilikuwa na baridi, lakini yeye jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Nisiandike kwa nini?"

"Subiri tu kidogo."

"Nasubiri nini, ifufuke?"

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, kisha akakohoa kuficha kicheko. Haikuwa siku ya kucheka. Tangu mwezi wa tatu diski saba zilikuwa zimeletwa kwenye meza ile, na zote saba zimekufa. Wengine walisema ni uzee. Wengine wakasema unyevu. Siku hizi hakuna aliyekuwa anaegemea meza ile, na kiti cha karibu nayo kilibaki kitupu hata chumba kilipojaa.

"Ya nane," alisema Mwalimu. Mwalimu ni mwanamke mstaafu mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, na ndiye aliyetangulia kufiwa na diski. Leo sauti ile ilitoka kama ya mgonjwa. "Mungu wangu. Ya nane."

Daktari wa meno akasimama.

Huyu ndiye mnunuzi mkubwa wa Jumamosi. Koti zuri, mikono misafi, tabasamu la tangazo. Maboksi saba ya diski zilizokufa aliyanunua yeye, moja baada ya jingine, akiwapa pole wenyewe.

"Pole sana, dada," alimwambia mjane. "Mimi nitaichukua hivyo hivyo. Kwa heshima ya marehemu. Boksi tu linanitosha."

Akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Soda mbili kamili. Hata chenji hapakuwa na ya kurudisha.

Fundi aliitazama noti ile. Akaitazama tena.

"Daktari, leo umekuja kununua nini?"

"Si hiyo Panya?"

"Ingekuwa hai ungelipa nini?"

"Bei ya orodha. Kama kila mtu."

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Hiyo bei ya orodha. Kanuni ni pesa taslimu mezani, hakuna kutumiana kwa simu. Kanuni hiyo uliipigia kura wewe mwenyewe. Sasa nakuuliza, mtu anakuja kununua paa la nyumba akiwa na pesa ya soda? Ulijuaje kwamba imekufa?"

Minong'ono ikapita chumbani. Mwalimu aligeuza kiti chake kumtazama daktari uso kwa uso.

Daktari alicheka. Meno yote yalionekana, na yote yalikuwa yake.

"Mfuko wangu ni wangu, fundi. Mtu mzima haaniki pesa zake kama nguo. Wewe rudi kwenye redio zako."

"Toa basi tuone."

"Nitoe za nini, na diski imekufa? Mzee, andika tuondoke. Mvua inakuja."

Ilikuwa kweli inakuja. Dirisha dogo la chumba kile lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na mitambo ya uchapaji upande wa pili ilikuwa imezimwa. Ngurumo ilipita mbali.

Mjane aliisukuma ile noti kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza upande wa daktari.

"Naomba uishike kwanza, daktari. Diski bado yangu."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti kwenye mfuko wake wa vifaa. Aliposimama mkononi alikuwa na bisibisi.

"Naifungua mashine."



Msomaji, elewa uzito wa jambo hili. Juu ya Mashine ya Haki, kutoka kifuniko mpaka ubavuni, kuna stika nyeupe yenye sahihi ya Mizani na muhuri wa kundi. Stika hiyo ndiyo inayosema hakuna mkono wa mtu uliogusa ndani. Anayeivunja amejifukuza mwenyewe, maisha.

"Weka hicho kitu chini," alisema Mizani.

"Siweki, mzee."

"Ukiigusa stika yangu umejitoa."

"Najua."

"Jina lako litapelekwa kwa makundi yote, hapa na miji mingine."

"Najua."

"Hakuna atakayekuletea hata redio ya betri. Utakula nini?"

Tone la kwanza la mvua liligonga bati, kisha la pili, kisha yakawa mengi hayahesabiki. Mjane aliinua macho juu.

"Imeanza," alisema taratibu, kama anayejisemea. "Na beseni la chumbani nimeliacha halijamwagwa."

Fundi akaichana stika.

Sauti yake ilikuwa ndogo tu, karatasi kuachana na chuma. Lakini Mizani alifumba macho kana kwamba amepigwa.

Skrubu nne zikatoka. Kifuniko kikainuka. Ndani ya mashine ya namna ile kuna kichwa cha kusomea, kidogo kuliko kucha ya mtoto, kinachotembea juu ya diski kwa kufuata mstari. Kikikaa pembeni kidogo tu, kinatembea nje ya mstari na kusema hakuna kitu hapa. Diski nzima itaitwa maiti, na haina hata homa.

Fundi aliweka bisibisi kwenye skrubu moja nyembamba ubavuni mwa kichwa kile. Akageuza. Robo ya mzunguko. Akarudisha kifuniko.

"Shemeji, nipe diski."

Mjane alimpa.

Mashine ikakwaruza. Krr. Krr. Krr. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi muda mrefu sana, watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Kisha kwenye kona ya chini yakafunguka macho mawili ya kijani.

"Panya!" alipiga kelele Mwalimu, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Huyo! Huyo panya! Yuko hai!"

Viti vikaanguka. Watu ishirini walijikusanya nyuma ya mjane kama watoto dirishani. Panya mdogo wa vidoti alitoka nyuma ya gunia, akanusa, akakimbia, akajificha nyuma ya gunia la pili.

Mjane aliweka kiganja mdomoni.

"Masikio," alisema. "Alihangaika na masikio hayo wiki nzima. Nilimwambia anafanana na sungura, akaninunia siku mbili."

Wakacheka wote. Hata mvua ikawa kama imepungua. Kwa muda huo mfupi, ndugu msomaji, nyumba ya mjane ilikuwa na paa.

"Andika, mzee," alisema fundi. Alikuwa anahema. "Hai. Bei kamili."

Mizani hakuandika.

Alifungua mkebe mdogo aliokuwa akiubeba kila Jumamosi, akatoa diski nyingine. Hii ni diski ya majaribio, mali ya kundi. Kila wiki kabla ya soko kufunguliwa Mizani huiweka kwenye mashine. Ikisomeka, maana yake mashine ni nzima. Asubuhi ile ile ilikuwa imesomeka, na watu watatu walishuhudia.

Alimtoa Panya, akamrudishia mjane diski yake. Akaweka ya majaribio.

Krr. Krr. Krr.

HAISOMEKI.

"Ameiharibu!" sauti ilitoka nyuma.

"Asubuhi ilikuwa nzima!"

"Mnaona wenyewe," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayekwambia fungua mdomo haitauma. "Mashine ilikuwa nzima. Fundi kaifungua. Sasa inasoma diski ya shemeji yake na kuikataa ya kundi. Mimi sisemi kitu. Nasema tu mnaona wenyewe."

Watu walirudi nyuma hatua moja. Fundi akabaki peke yake na mjane upande mmoja wa meza.

Mwalimu ndiye ambaye hakurudi. Alikuwa amekunja uso, anatazama ile diski ya majaribio kama daftari lenye majibu yanayofanana mno na ya jirani.

"Mzee Mizani, hebu nisaidie. Hii diski ya majaribio iliandikwa wapi?"

"Humu humu ndani ya mashine. Mwezi wa tatu, ilipofanyiwa matengenezo. Ya zamani ilikuwa imechakaa."

"Humu humu."

"Ndiyo."

"Na ni mashine hii hii inayoisoma kila Jumamosi."

"Ndiyo, Mwalimu. Kwani kuna nini?"

"Kuna kwamba kama kichwa kilikuwa kimekaa kando, kiliandika kando. Halafu kila Jumamosi kinasoma kando, kinakuta maandishi yake mwenyewe, kinajipa mia kwa mia." Alipiga meza. "Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mbili! Mwanafunzi anayejisahihishia namjua hata akiwa amejificha chooni. Mashine hii ilikuwa imepinda tangu mwezi wa tatu. Leo ndiyo imenyooka!"

Unaweza kuona wazo likitembea kutoka uso mmoja kwenda mwingine.

"Basi yangu haikufa," alisema Mwalimu polepole.

"Wala ya mtu yeyote," alisema mjane.

"Saba zote..."

"Saba zote ziko hai."

Na macho ya watu wote yakamgeukia mtu mmoja aliyekuwa nazo zote nyumbani kwake.

Daktari alipangusa koti. Hakuwa na haraka.

"Nilinunua maboksi," alisema. "Nililipa bei ya haki. Mashine yenu ilisoma, mzee wenu akaandika, wenyewe wakapokea pesa na kuniambia asante. Nina risiti saba. Nani hapa niliyemwibia? Anyooshe mkono."

"Ulikuwa unajua!" Mwalimu alikuwa amesimama. "Una mashine kama hii kwako! Ulikuwa unafika nyumbani, unaweka, unakaa unacheza!"

"Kuwa na mashine siyo kosa, Mwalimu. Na wewe ulikuwa na yako, ukaifanya meza ya kupigia pasi."

Mtu mmoja aliguna. Ilikuwa kweli.

"Mashine sikuigusa mimi," aliendelea daktari. "Mimi ni mtu wa meno. Skrubu hata sijui inageukia wapi. Swali lenu si mimi nimenunua nini. Swali lenu ni nani aliyeipinda."

Mizani alikuwa bado ameshika vipande vya stika yake. Alivilaza mezani kimoja kimoja, akavilinganisha mpaka sahihi ikasomeka tena.

"Stika hii niliibandika mwenyewe," alisema. "Mwezi wa tatu, siku ya matengenezo. Nilikuwa nimesimama hapa hapa nilipo. Tangu siku hiyo haikufunguliwa mpaka leo." Aliinua macho. "Matengenezo yale nilimpa mtu mmoja tu."

Fundi alilamba midomo.

"Skrubu zinalegea zenyewe, mzee. Mitambo ya hapa upande wa pili inatikisa ukuta kutwa nzima. Miezi mitano ya kutikiswa..."

"Shemeji."

Mjane hakuinua sauti. Alikuwa anaitazama diski mkononi mwake.

"Naam, shemeji."

"Kaka yako alikuwa anarekebisha kichwa cha mashine kama hii juu ya meza yangu ya kulia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Anageuza, anajaribu. Anageuza, anajaribu. Mchana wote. Chakula kinapoa, napasha, kinapoa tena. Mtu anageuza kama unywele, bado haisomi. Anarudisha. Anatukana. Anageuza tena." Akainua macho. "Wewe leo umegeuza mara moja."

Mvua sasa ilikuwa inapiga bati kwa hasira, watu wakasogea wasikie.

"Mara moja tu, ukafunga kifuniko, ukaniambia nipe diski. Hukujaribu. Robo, basi. Ulijuaje ni robo?"

Fundi aliinama kurudisha bisibisi kwenye mfuko wa vifaa.

"Nijibu, shemeji. Nimekuuliza vizuri."

"Kwa sababu robo ndiyo niliyoigeuza."

"Sikusikia."

"Niliigeuza mimi!" Sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Mwezi wa tatu. Robo. Mimi."

Mwalimu alikaa chini kwa kishindo. Nyuma mtu alitoa tusi, na hakuna aliyemkemea.

"Nani alikutuma?" aliuliza mjane.

Fundi alimwonyesha daktari kwa kidevu.

"Alinitengenezea meno. Haya manne ya mbele. Miaka sita nilikuwa nazungumza na wateja nimeziba mdomo kwa mkono, wewe unajua. Hakutaka hata senti. Akasema ni diski moja tu, ya mtu mwenye uwezo wake, hakuna atakayelia. Baadaye ningeirudisha ilivyokuwa."

"Mtu mwenye uwezo ndiye mimi?" aliuliza Mwalimu. "Na pensheni hii?"

"Sikujua ni yako! Nilipotaka kuirudisha, stika ilikuwa imebandikwa. Ningeivunja niseme nini? Ikaja ya pili. Ya tatu. Nikimfuata ananiambia tulia, ya familia yako sitaigusa. Aliapa, shemeji. Mbele ya vifaa vyake vya kazi aliapa ya kwako hataigusa."

Mjane alimtazama mdomo kwa muda.

"Ndiyo maana siku hizi unacheka kwenye picha," alisema.



"Meno ni meno," alisema daktari. "Nimetibu nusu ya watu waliomo humu, wengine bila malipo. Kumtibu mtu si kumtuma. Ana karatasi? Ana shahidi? Hana. Mimi ninao mashahidi ishirini waliomsikia akikiri kwa mdomo wake." Akatabasamu. "Mdomo mzuri kabisa, niliutengeneza mwenyewe."

Mwalimu alimrukia. Watu wawili wakamshika mikono.

"Kaeni chini!" Mizani hakuwahi kupaza sauti kwa miaka yote, na leo alipaza. Wakakaa.

Alifungua daftari la kanuni, akafunua kurasa hadi alipopataka. Alisoma kwa sauti ileile ya kusoma uzito wa magunia.

"Diski iliyosomwa kwenye mashine isiyo na stika haina bei."

"Una maana gani?" aliuliza mjane.

"Maana yake ni hiyo, mama. Panya wako yuko hai, tumemwona. Lakini amesomwa na mashine iliyochanwa stika. Siwezi kumwandika hai. Siwezi kumwandika amekufa. Si paa, si soda mbili. Hana bei, na hakuna wa kundi lolote atakayemnunua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku zote."

Mjane alishusha pumzi ndefu.

"Isipokuwa," alisema Mizani.

Neno hilo lilitua mezani kama nyundo.

"Isipokuwa mwenye diski aandike kwa mkono wake jina la aliyeharibu mashine, na asaini. Nakala moja inakwenda polisi, nyingine kwa makundi yote. Hapo mashine inabandikwa stika mpya, na kilichosomwa leo kinahesabika."

"Majina mawili," alisema Mwalimu. "Wako wawili hawa!"

"Jina moja. La aliyegusa mashine. Daktari hakugusa."

"Kanuni gani hiyo ya kumwacha mwizi aende?"

"Tuliyoipigia kura," alisema Mizani, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Wote. Kwa mikono juu."

Daktari aliingiza mkono ndani ya koti. Si mfuko wa shati safari hii. Akatoa bahasha ya kaki, nene, iliyofungwa mpira, akaiweka juu ya ile noti ya soda mbili.

"Mliniuliza pesa ziko wapi," alisema. "Hizo hapo. Nilikuwa nazo tangu asubuhi. Mimi ni mtu wa haki. Ikifa nalipa ya kufa, ikiwa hai nalipa ya kuwa hai. Paa zima, dada, na fundi wa kuezeka juu yake. Kesho Jumapili mabati yanashushwa mlangoni kwako." Akaipapasa bahasha. "Jina moja tu kwenye karatasi. Na mwenyewe ameshakiri, wala humsingizii."

Mizani alitoa karatasi ya fomu kwenye daftari. Akailaza mbele ya mjane, na kalamu pembeni.

Fundi alizunguka meza haraka.

"Shemeji, nisikilize. Usimuuzie. Akiichukua hiyo anazo zote nane adimu zilizobaki duniani, bei ataitaja yeye peke yake mpaka afe. Na mimi watanifunga. Kibanda kitakwenda. Watoto wa kaka yangu na wangu wanakula sahani moja, utawaambia nini? Twende nyumbani tuzungumze."

"Nyumbani wapi?"

"Kwako. Twende."

"Mimi sina nyumba ya kuzungumzia, shemeji. Nina mabeseni."

"Nimevunja stika kwa ajili yako! Nimejimaliza mwenyewe mbele ya watu!"

"Ulivunja diski yangu ilipokwisha kusomwa mara ya tatu." Mjane hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatisha watu. "Ya kwanza ulikuwa umesimama hapo. Ya pili ulikuwa umesimama hapo. Ukaniacha nisomewe mara tatu kwamba mume wangu amekufa, na wewe unajua ni robo tu ya skrubu."

Fundi aliweka mkono mdomoni, kama alivyozoea miaka ile sita.

Maji yalikuwa yameanza kupita chini ya mlango wa nyuma, mstari mwembamba mweusi ukitambaa sakafuni kuelekea miguu ya meza.

Daktari alifungua kalamu yake ya dhahabu, akamnyooshea mjane. Mjane hakuigusa.

Alitoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akavaa. Akaisoma fomu yote, kuanzia juu mpaka chini, midomo ikitembea. Akairudia sehemu ya polisi. Kisha akaiweka diski juu ya bahasha ya kaki, akaisawazisha vizuri isidondoke, akachukua kalamu ya Mizani.

Akamtazama shemeji yake.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "jina lake naandika lile la kwenye kitambulisho, au hili tunalomwita nyumbani?"

"La kwenye kitambulisho, mama," alijibu Mizani. "Yote matatu."

Kalamu ikagusa karatasi.